Amani Isiyowasahau Waathirika: Mafundisho ya Kanisa na Funzo la Kaskazini mwa Uganda



Wapendwa taifa la Mungu, katika safari ya kichungaji visiwani Mafia nilivuka kwa mashua hadi Jibondo, kisiwa kidogo cha matumbawe kilichopo kusini mwa kisiwa kikubwa. Wakazi wake, ambao karibu wote ni ndugu zetu Waislamu, wamesifika tangu enzi kwa uvuvi na kwa ufundi wa kuunda vyombo. Ufukweni palikuwa na jahazi likitiwa kalafati. Nilimwamkia fundi mzee aliyekuwa akisimamia kazi hiyo. Naye, alipojua kuwa mimi ni padre, alininyoshea kidole kisiwa jirani cha Juani, yalipo magofu ya mji wa kale wa Kua, akanisimulia kisa ambacho watu wa Mafia wamekirithi kwa masimulizi ya mdomo.

Miji miwili, Kua na Kisimani Mafia, ilikuwa na uhasama. Upande mmoja uliunda jahazi kubwa, ukawaalika watu wa upande wa pili kwenye sherehe ya kulishua. Badala ya kutanguliza magogo mchangani ili chombo kiteleze, wenyeji waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza chini, wakalivuta jahazi juu ya miili yao. Waliofiwa hawakulipiza siku ile. Walinyamaza kwa miaka mingi. Watu wakarudia kutembeleana na kuuziana. Ndipo siku moja wakawaalika wakosaji wao harusini, katika chumba kilichojengwa chini ya ardhi. Karamu ikiwa imepamba moto, wenyeji walitoka mmoja mmoja, mlango ukazibwa kwa mawe, na wageni wakafia humo ndani.

"Padre," aliniambia mzee yule, "miaka ile yote ya katikati walikuwa na amani. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza wale wazazi: watoto wenu tuwafanyie nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapokoma, watu hutamani kwanza usingizi wa usiku mmoja bila mlio wa bunduki. Lakini waliouliwa wana wazazi, waliobakwa wapo hai, waliokatwa midomo na masikio wanaonekana njiani kila siku. Je, tuwaombe wanyamaze ili amani isivunjike? Au tudai haki kamili, hata kama madai hayo yatamrudisha mwasi msituni? Mama Kanisa anafundisha nini?

1. Msingi wa mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu yanaanza kulishughulikia suala hili mapema kabisa, katika sura ya nne ya Kitabu cha Mwanzo. Kaini anamuua Abeli nduguye. Mwenyezi Mungu hasemi yaliyopita si ndwele. Anamuuliza Kaini aliko ndugu yake, na anatangaza kwamba damu ya aliyeuawa inamlilia kutoka ardhini. Kaini anaadhibiwa kwa kuondolewa katika ardhi aliyoilima. Hata hivyo, Mungu anamtia alama ili asiuawe na yeyote atakayekutana naye. Katika tukio moja tunaona mambo matatu: mwathirika anasikilizwa, mkosaji anawajibishwa, na mlango wa kisasi unafungwa. Kila jaribio la kujenga amani baada ya vita linapaswa kupimwa kwa mambo hayo matatu.

Zaburi ya 85 haizitenganishi haki na amani. Inazichora kama ndugu wanaokutana na kusalimiana kwa busu. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba amani husimama juu ya nguzo nne: ukweli, haki, upendo na uhuru. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 2002, miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, aliongeza kwamba haki yenyewe haikamiliki bila msamaha. Na Maaskofu wa Afrika walipokutana Roma Oktoba 2009 katika Sinodi ya Pili ya Afrika, mada yao ilikuwa upatanisho, haki na amani. Matunda yake ni Wosia wa Kitume Africae Munus, ambao Papa Benedikto XVI aliutia saini Ouidah, Benin, tarehe 19 Novemba 2011.

Lakini kwa mwamini wa kawaida, shule bora ya jambo hili ni Sakramenti ya Upatanisho anayoiadhimisha parokiani. Aliyetenda dhambi huanza na majuto, huungama, hupokea ondoleo, kisha hutimiza malipizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo huifuta dhambi, lakini haliponyi madhara yote yaliyosababishwa na dhambi hiyo: aliyeiba anapaswa kurudisha, aliyechafua jina la mwenzake anapaswa kulisafisha. Zakayo alilielewa hilo bila kuambiwa, akaahidi kurudisha mara nne. Kumbe, mtu anayetaka msamaha bila kusema ukweli na bila kurekebisha anaomba kitu ambacho hata kiti cha kitubio hakikitoi.

2. Vita vya kaskazini mwa Uganda

Tuione sasa hali halisi katika nchi jirani. Kwa takriban miaka 20, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini mwa Uganda kulikuwa uwanja wa vita kati ya serikali na kundi la waasi la LRA lililoongozwa na Joseph Kony. Waasi hao walijitwalia jina la Bwana huku wakiteka makumi ya maelfu ya watoto, wavulana wafanywe askari na wasichana wafanywe wake wa makamanda. Vita vilipopamba moto, watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamehamishiwa makambini, ambako njaa na maradhi viliua wengi pamoja na risasi. Na si waasi pekee walioumiza raia. Wapo pia waliolalamikia mikono ya askari wa serikali.

Kanisa lilikuwa ndani ya mateso hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi waliwateka wasichana 139 kutoka Chuo cha Mtakatifu Maria, Aboke. Sista Rachele Fassera, Mkomboni kutoka Italia, aliwafuata porini pamoja na mwalimu mmoja, akamsihi kamanda, akarudi na wasichana 109. Waliobaki walikuwa 30. Wengine walitoroka baada ya miaka mingi. Wengine hawakurudi kamwe.

Mwaka 1997 viongozi wa dini wa Acholi, yaani Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waorthodoksi, walianza kufanya kazi pamoja kutafuta amani kwa mazungumzo. Miongoni mwao alikuwa John Baptist Odama, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Gulu, na Macleod Baker Ochola, Askofu mstaafu wa Kianglikana wa Kitgum. Mwaka 2003, maelfu ya watoto walipokuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu wasije wakatekwa vijijini, Askofu Mkuu Odama na wenzake walichukua magunia yao wakalala nje pamoja na watoto hao katika kituo cha mabasi, ili dunia ione.

Jitihada za viongozi hao zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Mwasi aliyeweka silaha chini na kukana uasi hakushtakiwa. Maelfu walirudi nyumbani kwa mlango huo, na wengi wao walikuwa watoto waliotekwa.

3. Mahakama au meza ya mazungumzo?

Mwishoni mwa mwaka 2003 serikali ya Uganda ilipeleka suala la LRA mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), na mwaka 2005 Mahakama hiyo ilitoa hati za kuwakamata Kony na makamanda wake wanne. Hapo mvutano ukaonekana wazi. Viongozi wa dini wa Acholi walipinga, wakihofu kwamba mtu anayesubiriwa na gereza hatatoka msituni, na kwamba watakaolipa gharama ni watoto walioko mikononi mwake. Wengine walijibu kwamba bila tishio la mahakama Kony asingekaa mezani kabisa.

Mazungumzo yalifunguliwa Juba mwaka 2006. Tarehe 29 Juni 2007 pande mbili zilitia saini makubaliano kuhusu uwajibikaji na upatanisho, yaliyotaka haki itafutwe kwa mahakama za nchi pamoja na mila za jamii. Lakini mwaka 2008 Kony hakutokea kutia saini mkataba wa mwisho. Desemba mwaka huo majeshi yalimshambulia katika msitu wa Garamba, na LRA ikajibu kwa kuwachinja mamia ya raia kaskazini mashariki mwa Kongo katika siku za Noeli, baadhi yao wakiwa katika sherehe za kuzaliwa kwa Bwana.

Wapendwa, tukio hili linatufundisha jambo ambalo husahaulika. Gulu ilikuwa imepata usingizi, lakini kilio kilikuwa kimehamia kwa jirani. Amani inayohamishia mateso kwa mtu mwingine haijakamilika, na Mkristo hawezi kushangilia utulivu wa nyumba yake huku nyumba ya pili inaungua.

4. Mila ya mato oput na mipaka yake

Wakati wa mjadala huo, wengi walielekeza macho kwenye mila ya Waacholi iitwayo mato oput, yaani kunywa mzizi mchungu. Mtu anapomuua mwingine, koo mbili husitisha mahusiano. Mkosaji hukiri, wazee husuluhisha, ukoo wake hulipa fidia ya damu, kisha wawakilishi wa pande mbili hupiga magoti na kunywa pamoja, katika kibuyu kimoja, maji ya mzizi mchungu wa mti wa oput. Wanaumeza pamoja uchungu wa kilichotokea, na uhusiano unaanza upya.

Mkatoliki ataona mara moja jinsi mila hii inavyofanana na hatua za kitubio: maungamo, malipizi, upatanisho. Hata hivyo, tusiipe mzigo usioweza kubebwa. Mila hii ilikusudiwa mauaji kati ya koo zinazofahamiana. Aliyeteka mamia ya watoto anakiri kwa ukoo upi? Waathirika wengine walikuwa Walango, Wateso na Wamadi, ambao wana taratibu zao. Na mwanamke aliyefanywa mke kwa nguvu hapati nafasi yake kirahisi katika mapatano yanayozungumzwa na wazee wanaume wa koo mbili.

5. Mkosaji ambaye pia ni mwathirika

Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kuelekea shuleni. Alikulia msituni, akapanda cheo hadi kuwa kamanda. Januari 2015 alijisalimisha katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tarehe 4 Februari 2021 ICC ilimtia hatiani kwa makosa 61 ya jinai za kivita na jinai dhidi ya ubinadamu, yakiwemo mashambulizi dhidi ya kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Majaji hawakukubali kwamba utoto wake ulioharibiwa ulimwondolea hatia ya matendo ya utu uzima, lakini waliuzingatia katika adhabu: badala ya kifungo cha maisha, alipewa miaka 25. Hatia na adhabu hiyo zilithibitishwa na Kitengo cha Rufaa Desemba 2022.

Tarehe 28 Februari 2024 Mahakama iliamuru waathirika wake, wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000, walipwe fidia yenye jumla ya zaidi ya euro milioni 52. Ndani yake kuna malipo ya ishara ya euro 750 kwa kila mwathirika, pamoja na huduma za kuponya mwili na akili. Ongwen hana mali, hivyo fedha zinapaswa kutafutwa na Mfuko wa Waathirika unaotegemea michango. Nchini Uganda kwenyewe, Thomas Kwoyelo, naye aliyetekwa akiwa mtoto, alihukumiwa kifungo cha miaka 40 mwezi Oktoba 2024. Na mwezi Septemba 2025 ICC ilisikiliza mashtaka dhidi ya Kony bila yeye kuwapo, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika Mahakama hiyo.

Tuhesabu miaka. Mtoto aliyenusurika Lukodi mwaka 2004 akiwa na miaka kumi alikuwa amefikia thelathini amri ya fidia ilipotolewa. Wazee wengi walikwisha kuzikwa. Haki inayochelewa kiasi hiki haidharauliwi, lakini inatukumbusha kwamba waathirika wanahitaji kupokelewa wakiwa bado hai.

6. Tupimeje mizani?

Kutokana na mafundisho na historia hiyo, napendekeza mambo matano ya kushika.

Kwanza, tutofautishe msamaha wa moyo na msamaha wa sheria. Serikali inaweza kuamua kutomshtaki mtu ili kuokoa maisha. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na wakati mwingine ni wa busara. Lakini serikali haiwezi kusamehe kwa niaba ya mama aliyefiwa. Wala padre hawezi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alifafanua kwamba kusamehe hakumaanishi kuacha kudai haki, wala kumruhusu mdhalimu aendelee kudhulumu.

Pili, ukweli utangulie. Familia inayojua mahali mwili wa mtoto wao ulipozikwa imepokea sehemu ya haki, hata kama muuaji hajakamatwa. Amani inayokataza kutaja yaliyotokea ni ile ya Kua na Kisimani: inahifadhi kisasi kwenye kivuli kisioze.

Tatu, adhabu na uponyaji viende pamoja. Kumfunga mkosaji na kumwacha mwathirika bila matibabu, shamba wala ada ya shule ya watoto ni kufanya nusu ya kazi. Tuwakumbuke hasa wanawake waliorudi na watoto waliozaliwa msituni, ambao mara nyingi walikataliwa na koo zao wenyewe. Mtoto hakuchagua baba yake.

Nne, haki isichague upande. Mwathirika wa askari wa serikali na mwathirika wa mwasi wana damu ya rangi moja, na ile iliyomlilia Mungu katika Kitabu cha Mwanzo haikuuliza chama.

Tano, mwathirika asilazimishwe ratiba ya kusamehe. Hapa nitamtaja Angelina Atyam, mama wa mmoja wa wasichana 30 wa Aboke. Yeye na wazazi wenzake walikutana kusali, nao walipofika katika Baba Yetu, mahali tunapoahidi kuwasamehe waliotukosea, sauti zilikwama. Hawakuruka sehemu ile, wala hawakujifanya wameimaliza. Iliwachukua muda. Baadaye alikwenda kwa mama mzazi wa kamanda aliyemshikilia binti yake, akampa msamaha. Na waasi walipoahidi kumwachia binti yake peke yake ili yeye anyamaze, alikataa, kwa kuwa wasichana wengine nao walikuwa watoto wake. Binti alitoroka mwaka 2004. Katika mama huyu mmoja msamaha na madai ya haki vilikaa pamoja bila kugombana. Vivyo hivyo Askofu Ochola, ambaye binti yake alijiua baada ya kubakwa na ambaye mke wake aliuawa na bomu la kutegwa ardhini, aliendelea kuhubiri upatanisho. Watu kama hawa wana haki ya kutufundisha kusamehe. Sisi tusiopoteza mtu tuseme kwa upole zaidi.

7. Na sisi tunahusikaje?

Wapo watakaosema: Padre, hapa kwetu hakuna vita. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Lakini nchi yetu imewapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Arusha ilikuwa makao ya mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na ndipo mkataba wa amani wa Burundi ulipotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Na visiwani Zanzibar, Januari 2001, watu waliuawa katika maandamano. Muafaka wa kisiasa ukafuata Oktoba mwaka huo, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Muafaka wa viongozi ni jambo jema. Kuwafuta machozi waliofiwa ni kazi nyingine, na haimaliziki kwa saini.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuanza na yaliyo karibu. Je, katika Jumuiya yetu kuna familia iliyodhulumiwa ambayo tumeiambia inyamaze kwa ajili ya amani? Je, mke anayepigwa ameambiwa avumilie ili nyumba isivunjike? Je, mgogoro wa shamba umezimwa kwa sababu mkosaji ndiye mfadhili wa parokia? Kila mara tunaponunua utulivu kwa kimya cha mnyonge, tunajenga chumba cha chini ya ardhi, na hatujui ni nani atakayealikwa humo. Nawahimiza viongozi wa Jumuiya na wa Tume ya Haki na Amani wamsikilize kwanza aliyeumia, kabla ya kuwakalisha pande mbili mkekani. Na kazi hiyo tuifanye pamoja na majirani zetu Waislamu, kama walivyofanya wenzetu wa Gulu.

Hitimisho

Kabla ya kuondoka Jibondo nilimuuliza mzee yule wanafanyaje siku ya kushua jahazi. Alinijibu kwamba kijiji kizima huja kuvuta kamba, na watoto husimamishwa mbali, mahali ambapo kila mzazi anamwona wa kwake. Kisha akainama kuendelea na kazi yake.

Bwana wetu Yesu Kristo mfufuka aliwasalimu wanafunzi wake kwa amani, na papo hapo akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Hakuyaficha madonda ili kuleta amani. Tumwombe atujalie amani ya namna hiyo, inayokubali kuonyeshwa madonda na kuyagusa. Bikira Maria, Malkia wa Amani, aliyesimama chini ya msalaba wa Mwanaye asiye na hatia, awaombee akina mama wote wanaosubiri haki.